Rehani

Mihambo alifika Isevya baada ya isha,
akapiga hodi mara moja tu, kwa kucha.
Mtu niliyecheza naye ubavu kwa ubavu misimu minne,
mimi namba tano, yeye namba nne,
hata kukohoa kwake nakujua:
kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa,
kilikuwa cha mtu anayetafuta pa kuanzia.

Mama yake yuko Kitete, wadi ya upasuaji.
Ndugu wamechanga, wamefika nusu ya njia.
"Nikopeshe," akasema, kisha haraka,
kama anayeondosha mpira eneo la hatari,
akatoa mfukoni soksi,
na ndani ya soksi, medali.
"Kaa na hii mpaka nilipe."

Soksi ile naijua. Bluu, mstari mweupe.
Nilivaa ya namna ile mpaka ule mwezi wa saba
wakala aliponiita Dar, hotelini,
akanisukumia karatasi kumi na mbili na kalamu nzito.
Klabu ya ng'ambo. Ng'ambo hasa,
si Ng'ambo hii yetu ya kwenda kwa miguu.
Mshahara wa mwezi ulizidi mavuno ya baba ya miaka sita.

Baba hulima tumbaku Urambo. Nilimpigia simu.
"Wamekupa daraja gani?" akauliza.
Nikamtajia fedha. Akanyamaza.
Ameona mengi yule: marobota yake
yamepangwa sakafuni, mteuzi anapita na chaki,
ananusa, anakunja jani, anashusha bei,
na mkulima kasimama pembeni kama mgeni msibani.
"Mwanangu, ukipata mnunuzi wa namna hiyo
usimwulize kama anakwenda kuivuta au kuitupa."

Nikatia saini.

Hawakunivuta, hawakunitupa. Wameniweka ghalani.
Benchi la kwao lina viti vya ngozi
na feni zinazomwaga ukungu.
Msimu mzima nimecheza dakika mia na arobaini,
nyingi kati ya hizo tumeshafungwa matatu.
Wenzangu wakishindwa huulizana bei za magari.
Mimi pia niliuliza. Nikanunua.
Sidanganyi: nyumba hii ina vigae,
wadogo zangu wanasoma bweni, baba ana trekta
na haogopi tena chaki ya mtu.

Fainali niliisikilizia chumbani, kwenye simu,
sauti ikikatika kila ikipigwa kona.
Mtangazaji akasema Mihambo ameuondoa mstarini
kwa kichwa, dakika ya tisini na tatu,
na mimi, peke yangu, juu ya zulia la watu,
niliruka nikagonga taa.

Basi nikamhesabia fedha, zaidi ya alizotaja.
"Ondoka na medali yako." Akakataa.
Aliyezoea kukaba hakubali kubebwa.
Tukasimama pale, kila mmoja
akitazama mkono wa mwenzake.

Usiku, Kalunde alipolala,
nikaivaa.
Mbele ya kioo cha bafu, na bukta ya kulalia.
Ni nyepesi. Rangi imeanza kubanduka ukingoni,
utepe unanuka jasho lisilo langu.
Nikavuta pumzi, nikapanua kifua
kama wanavyofanya wakipigwa picha.
"Nani huko?" Kalunde akaita.
Sikupata jibu la haraka.

Alfajiri nikaipeleka Kitete, ndani ya soksi yake,
nikaisukuma chini ya mto wa mama.
Alikuwa macho. Hakusema kitu.

Deni bado halijalipwa.
Tukikutana, Mihambo nami, tunazungumzia mvua,
tunazungumzia nyasi za uwanja zilivyokauka upande wa goli,
kila mmoja akiogopa
kuwa wa kwanza kudai.